Lundo la Mzee wa Mnyororo

Mjomba Themba tulimzika Jumamosi iliyopita, na tangu nirudi makaburini nina hasira ambayo sijui niielekeze wapi. Huzuni ninayo pia, ila huzuni naifahamu, nimeshazika wengi katika jiji hili la Johannesburg. Hasira ndiyo inayoniamsha alfajiri. Aliyenipa hasira hii ni mtu niliyewahi kulala naye chumba kimoja, na nitamfikia. Kwanza sina budi kurudi kwenye mwaka wangu wa kwanza hapa, maana bila mwaka ule hakuna atakayeelewa kwa nini mwanamke mzima wa umri wangu alisimama getini na jagi la maji mkononi, akitamani kumpiga nalo mwenzake kichwani. Habari za wazazi wangu na za kwetu Morogoro naziacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa binti mwenye cheti cha upimaji ardhi na mdomo mkali, na kwamba Themba alikuwa mpima ardhi wa huku huku Afrika Kusini, aliyeishi ukimbizini kwetu miaka mingi wakati wa harakati za ukombozi, akamwoa Mwanaidi wa mtaa wetu, akajifunza Kiswahili chetu mpaka matusi yake. Siasa zilipogeuka alirudi kwao na mkewe, akafungua ofisi ndogo pale Newtown, halafu akaniita nije nimsaidie.

Nilipanga Berea, katika jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa imekufa na watu wakaigeuza jalala. Chumba tuligawana wawili, mimi upande wa dirisha, Maman Kavira upande wa mlango, katikati pazia la kitenge. Kavira alikuwa Mkongomani wa upande wa Lubero, mjane, fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake kwenye kibaraza cha saluni moja kule Yeoville. Umri alinizidi kidogo, ukali tulilingana. Usiku tulikula sombe lake, kisamvu cha kwao, na ugali wa muhogo juu ya sanduku lililogeuzwa meza, na kupitia ukuta tukasikia maisha ya wenzetu kama tumealikwa. Jirani mmoja alikuwa akimpiga mkewe kila akipokea mshahara, mpaka siku ile mke alipommwagia usoni mafuta ya kukaangia chipsi. Kile kilio kilishuka naye ngazi zote hadi barabarani, na sisi tukabaki tumeshika matonge mkononi. Mlio wa risasi Kavira aliujua kwa sikio. Akiusikia aliendelea kukoroga chungu, akaniambia ni ya mbali, kula. Jengo lile alilichukia kuliko alivyoyachukia majambazi wenyewe. Mlango wetu ulikuwa umepigwa mateke mara nyingi hivi kwamba ubao wa chini ulikuwa wa rangi nyingine, na alipokuwa akiuangalia alisema jambo moja ambalo hadi leo nalikumbuka: "Miye nataka mlango ambao mutu akiupiga teke, nijue ni mlango wangu anapiga."

Mlango huo aliupata mwaka huo huo. Kusini mwa jiji, nyuma ya vilima vya njano vya vumbi la migodi, watu walikuwa wameanza kujenga vibanda vya mabati kwenye uwanda wa majani: Wazulu, Wasotho, watu wa Msumbiji, Wakongomani, kila mtu na nyundo yake. Kavira alijenga chumba kimoja na dirisha, akapaka mlango rangi ya buluu, akawa analala huko mwisho wa wiki huku akihamisha vitu vyake kidogo kidogo. Kumbe mwenye shamba jirani alikuwa ameshakwenda mahakamani. Alisema uwanda wote ule ni wake, na ushahidi wake ulikuwa uzio wa waya uliozunguka vibanda vyote kwa upande wa pili. Wakili aliyewatetea wakazi alimtafuta mpima, na mpima aliyekubali kuwapimia watu wasio na kitu alikuwa Themba. Ndivyo kazi ilivyotuangukia sisi, na ndivyo mlango wa Kavira ulivyoingia kwenye kazi yangu bila mimi kuomba.

Jambo lenyewe nitalisema kwa ufupi, msiogope, si hesabu. Shamba lile lilipimwa zaidi ya miaka mia moja nyuma, na ramani ya zamani ilikuwepo, kila mtu aliiona, ila karatasi haitoshi. Sheria ya upimaji huku inasema alama ya kwanza iliyowekwa ardhini ndiyo yenye neno. Uzio, hesabu, vyote vinaisikiliza. Themba alikuwa na hakika kwamba waya umetembea. Babu mmoja aliusogeza, mwanawe akausogeza tena, mjukuu akaukuta huko akadhani uliumbwa na Mungu. Alama ya kwanza ikionekana ndani zaidi, upande wa shamba kuliko vibanda, basi vile vibanda vimesimama kwenye ardhi ya serikali, na mwenye shamba hana haki ya kumwondoa hata kuku. Isipoonekana, waya ndio utakaosema. Mahakama ilitupa muda mfupi tuitafute, halafu pande zote mbili zije zioneshwe.

Aliyeweka alama hiyo Themba alimwita Mzee wa Mnyororo, na jina lake halisi hakupenda kulitaja. Habari zake tulizila pamoja na chakula cha mchana. Tulikaa nyuma ya pikapu, magwinya, maandazi ya huku, ya moto kwenye gazeti, achari, chai kwenye chupa, na Themba akaanza kumsimulia kama mtu anayemsimulia mkwe wake mbaya. Kabla ya huyo mzee kuja, alisema, makaburu waligawana nchi kwa farasi: mtu anapanda, anatembeza mnyama huku na huku muda fulani, anapofika ndipo mwisho wa shamba lake, na waliokuwa wakiishi humo hawaulizwi. Mzee alikuja nyuma yao na gari la ng'ombe kuyageuza yale matembezi ya farasi yawe sheria. Alikuwa na darubini ya shaba, bunduki, na mnyororo wa chuma wa kupimia, na vijana wawili Waafrika wa kuubeba mnyororo majanini. Ulipolegea aliwachapa kwa kiboko cha ngozi. Mmoja, ndivyo bibi zake Themba walivyohadithia, alichapwa mpaka akazimia, na yule mwenzake akalazimishwa kuendelea kuvuta mnyororo na maiti-hai ile ikiwa bado imeshika ncha ya pili. Kila pembe ya shamba alijenga lundo la mawe. Wenyeji walilibomoa, yeye alirudi, akachoma nyumba iliyo karibu, akalijenga upya. Mwisho alikufa kitandani, mzee, ameshiba, na mitaa ikapewa jina lake. Nikasema huyo alikuwa muuaji na ramani yake ingechomwa. Themba alifuta mafuta vidoleni akanitazama. "Eish, Rehema. Alikuwa muuaji, na alipima vizuri. Hayo mawili yanakaa mtu mmoja." Halafu akaniambia kwamba mzee yule, kwa kuwa alijua anachukiwa, chini ya kila lundo alichimba shimo akazika mkaa na chupa iliyovunjwa, vitu visivyooza, ili hata mawe yakitawanywa yeye aje apapate mahali pake. Nilitafuna nikameza. Wakati ule niliona ni hadithi ya kusukumia chai.

Lundo tulilipata tukiwa tumeshakata tamaa, kwa sababu tulilipita kila siku bila kulitambua. Lilikuwa kubwa mno. Ramani ilionesha lundo la kufika magotini, na hili lilifika kifuani, pana, limeota majani ubavuni. Mwenye shamba alikuwa amesema hilo ni rundo la Waafrika la ushirikina wao, na kwa nusu alisema kweli. Kizulu wanaliita isivivane. Mtu akiwa safarini huokota jiwe, hulitemea mate, hulitupia pale ili njia yake iwe njema, na njia ya miguu ya kwenda migodini ilipita hapo hapo. Wabeba mizigo, wachimba dhahabu, akina mama wa kufua nguo, wote kwa miaka mia walikuwa wamelilisha lundo la Mzee wa Mnyororo bila kumjua. Themba alipiga magoti akatoa mawe ya juu moja moja, akafikia yale ya chini yaliyopangwa kwa mkono wa fundi, akakaa chini kwenye vumbi akacheka hadi machozi. Yalikuwa ndiyo mawe pekee kwenye uwanda wote ule. Kila mahali pengine ni majani na udongo laini. Pande zote mbili zilipangiwa kuja Jumatatu.

Usiku ule nilimsimulia Kavira yote, nikiwa nimevimba kichwa kama nimelijenga mimi. Nilidhani atanikumbatia. Alikuwa akichambua makayabu, samaki wale wakavu wa chumvi, na mikono yake haikusimama. Alisema kwamba sisi wapimaji tumetembea siku nyingi kati ya vibanda na darubini yetu ya miguu mitatu na bendera zetu, na kila tulipopita watu waliingia ndani kufunga virago. Nikamwambia tunapima kwa ajili yao. Akatikisa kichwa. "Kwetu, batu ba kupima bakikuja asubuhi, ba bunduki banakuja mangaribi. Kila mara. Miye sikuzaliwa jana." Nilimwambia safari hii si hivyo, akaniambia Mungu akusikie, akanipakulia. Tulikula, na samaki yule alikuwa na chumvi nyingi.

Jumamosi asubuhi mwenye shamba hakungoja Jumatatu. Tulikuwa tumefika mapema kupima mara ya mwisho, mimi nimeshika ile fimbo yetu yenye mistari myekundu na myeupe, Themba ameshainama kwenye darubini, tuliposikia malori. Yalishusha wanaume wa ovaroli za buluu, wengi, na mitaimbo, na mbwa. Walianzia kibanda cha kwanza na wakawa wanatoboa mabati, kuvuta nguzo, kutupa nje godoro, chungu, mtoto. Naam, mtoto, alitupwa pamoja na godoro, akaangukia juu yake, na mama yake aliyemrukia alipigwa mtaimbo begani nikasikia mfupa. Mzee mmoja wa Msumbiji alisimama mlangoni na panga. Mbwa walimshusha kama mti, akawa anapiga kelele kwa lugha ambayo pale hakuna aliyeijua isipokuwa mkewe. Mlango wa buluu wa Kavira uling'olewa na bawaba zake, nikauona ukipita hewani. Wallahi nilitaka kukimbia. Sikukimbia kwa kuwa miguu ilikataa, isihesabiwe kuwa ni ushujaa.

Ndipo vijana wakajipanga, na mtu akipigana hutafuta jiwe, na mawe yalikuwa mahali pamoja tu. Walilivamia lile lundo. Mawe waliyoyatemea mate wasafiri wa miaka mia yakaanza kuruka juu ya vichwa vya watu wa ovaroli, na kweli yaliwapata, mmoja niliona meno yake yakitoka. Kavira nilimwona na kitenge chake amekikunja mbele kimejaa mawe, anawagawia vijana kama anayegawa maandazi. Nilimfuata nikamshika mkono, nikamfokea kwamba lile lundo ndilo nyumba yake, wakilimaliza hana kitu Jumatatu. Alinitazama kama hanijui. Themba alikuwa ameshaacha mashine akakimbia. Alipanda juu ya mawe yaliyobaki, akafungua mikono yote miwili, akaanza kupiga kelele kwa Kizulu, kwa Kisotho, halafu kwa Kiswahili, "Acheni! Acheni lundo!" Mwenye shati jeupe peke yake, juu ya kilima kidogo, kati ya pande mbili. Jiwe lilitoka upande wa vibanda, upande wa watu tuliokuja kuwasaidia. Lilimpata jicho la kulia.

Nilimwinua kichwa nikaona sitaki kuona. Damu ilikuwa ikipita kati ya vidole vyake, moto, na kitu kingine kisicho damu. Jicho lile ndilo alilopimia maisha yake yote. Huku wakipigana juu yetu, mawe ya chini kabisa yakiondoka sasa mmoja baada ya mwingine, Themba alinishika shati akanivuta. "Usinitazame mimi. Fimbo. Weka fimbo pale katikati kabla hapajapotea." Nilimwacha. Nilimlaza kwenye majani akiwa anatetemeka, nikajipenyeza kati ya miguu ya watu, nikaidunga fimbo ardhini katikati ya yale mawe machache yaliyosalia, nikaikumbatia. Mbwa alinirarua paja, alama ninayo. Nilipotazama tena hapakuwa na jiwe hata moja, na hapakuwa na nyumba hata moja. Palikuwa na mimi na fimbo yangu.

Jumatatu mwenye shamba alikuja na wanasheria wake ametulia, akauliza kwa upole alama iko wapi. Themba alikuwa hospitali. Nikaomba jembe. Nilichimba mwenyewe, paja limefungwa, wanasheria wamenizunguka na viatu vyao, na udongo wa juu ulikuwa udongo tu. Nilichimba tena. Nilianza kusoma dua zote nilizofundishwa madrasa. Halafu udongo ukawa mweusi. Mkaa, vipande vya mkaa, na chini yake kitako cha chupa ya kijani, kimekaa wima, kisafi kama kimewekwa jana. Yule muuaji alikuwa ametunza ahadi yake. Nilikaa ndani ya shimo nikalia, nikamshukuru mtu aliyekuwa akichapa watu viboko, na hilo nalo lilinikera. Mahakama ilikubali ile alama. Ardhi ilikuwa ya serikali, watu walirudi wakajenga, na leo pale kuna mtaa wenye umeme, spaza, yaani vioski vya nyumbani, na makanisa, na Kavira ana nyumba ya matofali yenye mlango wa buluu.

Themba alibaki na jicho moja. Alijaribu kujifundisha kupima kwa la kushoto na akaweza kidogo, ila wateja hawampi kazi mpima chongo, akafunga ofisi, akaishia kufundisha hesabu. Hakulalamika, mimi nikalalamika kwa niaba yake. Aliyerusha lile jiwe nilimlaani kwa jina, maana jina nilimpa mwenyewe: kijana mmoja wa kofia nyekundu niliyemwona karibu. Kila nilipomkuta dukani niligeuza uso, na yeye hakujua kwa nini. Jambo moja lilinitatiza. Kila mwezi Themba alipanda teksi kwenda kwa Kavira kula sombe. Alianza akiwa bado na bandeji na hakuacha hadi miguu ilipomshinda mwaka jana. Nilidhani ni mapenzi, nikaona haya kwa niaba ya Mwanaidi, hata nikamchokoza siku moja. Mwanaidi alicheka akaniambia, mdogo wangu, waache wale.

Basi Jumamosi hiyo ya maziko, kama ilivyo desturi ya huku, waliotoka makaburini walinawa mikono getini kabla ya kuingia kula. Mwanaidi alikuwa ndani na eda yake. Jagi na beseni nilikabidhiwa mimi. Watu walipita, nikamimina. Kavira alifika, mnene sasa, anatembea kwa fimbo, amevaa kitenge cha msiba alichokishona mwenyewe. Alinyoosha mikono juu ya beseni halafu akairudisha. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba lile jiwe alilitupa yeye. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza alikuwa akimlenga nani, maana wale wa ovaroli walikuwa upande mwingine.

"Nilimulenga yeye," akasema. "Niliona mlango wangu unaruka, nikamwona iko anasimama pale juu, na ile mashine yake. Nikasema ndiye aliwaleta."

Nikamuuliza kama Themba alijua. Akasema alijua tangu dakika ile, walitazamana kabla jiwe halijafika. Themba alipotoka hospitali alikwenda kwake, kwenye kibanda kilichokuwa hakijapata hata paa. Kavira akadhani amekuja na polisi, kumbe amekuja peke yake. Akakaa juu ya ndoo, akamwambia: "Kavira, mkono wako una shabaha kuliko mashine yangu." Halafu akaomba chakula. Walipomaliza kula akamwambia ana haki ya kumwogopa mtu mwenye mnyororo, kwani hata yeye bibi zake waliwaogopa, na akamwambia mimi nisiambiwe. "Alisema weye uko na hasira, utaua mutu." Mwanaidi aliambiwa. Kwa miaka yote hiyo, wote watatu walijua, na mimi nikawa namlaani kijana wa kofia nyekundu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa na alikuwa mle mle kwenye foleni, nyuma ya Kavira, akisubiri kunawa.

Kavira alinyoosha tena mikono. Mikono ile iliyonipakulia chakula nilipokuwa sina hata senti, iliyonishonea gauni la harusi, iliyomtoa jicho mjomba wangu. Jagi lilikuwa zito, nami nilikuwa nimelishika juu. Angesema nisamehe ningempiga nalo. Hakusema. Alisimama tu na viganja vyake wazi juu ya beseni. Nikamimina, taratibu, mpaka vikatakata. Sikumsamehe, na hadi leo sijamsamehe. Ila foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Aliingia ndani. Nikamgeukia yule wa kofia nyekundu, nikammiminia yeye maji mengi kuliko wote, na yeye, maskini, akashangaa akasema ahsante.